Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuunganisha waandishi na kazi zao kwenye kamusi elezo

Kila mtu mpya anayeingia kwenye kazi ya kuandika kamusi elezo hufika mahali akakwama palepale: mwandishi yuko hapa, vitabu vyake viko kule, na msomaji katikati hajui apite wapi. Haya ndo maswali ninayoulizwa sana. Mengine nimeyajibu kwa kirefu maana yanahitaji, mengine ni mistari miwili tu basi.

Marejeo mtambuko ni nini hasa?

Ni yale maelekezo yanayomtoa msomaji kwenye kidahizo kimoja (yaani jina au neno lenye makala yake) kwenda kingine. Kwenye karatasi unaona neno "taz." halafu jina, kwenye kompyuta ni linki unaibofya. Si kitu kipya, Ephraim Chambers alijaza marejeo kwenye kamusi elezo yake ya London mwaka 1728, kisha Diderot na d'Alembert wakayafanya kuwa uti wa mgongo wa Encyclopédie yao iliyotoka Ufaransa kuanzia 1751. Diderot alijua kabisa nguvu yake: kidahizo cha walaji watu kiliishia kwa kumwelekeza msomaji aangalie Ekaristi, Komunyo na Altare. Rejea yenyewe ndo ilisema. Kwa hiyo ukiweka rejea ujue kwamba umesema kitu, hata kama hukukusudia.

Kwani haitoshi kuorodhesha vitabu kwenye ukurasa wa mwandishi?

Kwa mwandishi mwenye vitabu viwili ambavyo hakuna cha kusema zaidi ya jina na mwaka, inatosha. Lakini mwandishi na kazi ni vitu viwili tofauti na kila kimoja kina maisha yake. Mtu anafariki, kitabu kinaendelea kutafsiriwa, kupigwa marufuku, kufanyiwa filamu. Kafka alifariki 1924 na riwaya yake ya The Trial ikachapishwa 1925, rafiki yake Max Brod ndo aliyeiandaa, sasa ukiibana hadithi yote hiyo ndani ya wasifu wa Kafka utakuta nusu ya ukurasa inazungumzia mambo yaliyotokea baada ya mwenyewe kuzikwa, na Brod ambaye alifanya kazi kubwa hana pa kusimama.

Na kuna jambo jingine, wasomaji wengi wanajua jina la kitabu kuliko la mwandishi. Mkutubi Charles Cutter kwenye kanuni zake za katalogi za mwaka 1876 aliliweka wazi: msomaji anaweza kuja na jina la mwandishi, au jina la kitabu, au mada tu, na katalogi inatakiwa imfikishe kwa njia yoyote kati ya hizo. Kamusi elezo hivyohivyo.

Kazi gani ipewe ukurasa wake?

Kipimo changu ni kimoja: je, naweza kuandika aya tatu kuhusu kazi hii bila kurudia wasifu wa mwandishi? Kama ndiyo, ipe ukurasa. Kama hapana, ibaki kwenye orodha ya mwandishi, lakini jina la kazi liwe na elekezo linalompeleka msomaji kwenye sehemu hiyo ya orodha, ili anayetafuta kwa jina la kitabu asiambiwe "hakuna". Hilo la elekezo watu wanalisahau kila siku.

Linki iwe ya upande mmoja au pande mbili?

Msomaji lazima aweze kwenda na kurudi. Ila swali la maana zaidi ni taarifa yenyewe inahifadhiwa upande gani, na hapa msimamo wangu sibadilishi: ihifadhiwe upande wa kazi.

Sababu ni rahisi. Kazi moja kwa kawaida ina mwandishi mmoja, wawili, watatu. Mwandishi mmoja anaweza kuwa na kazi mia tatu. Ukihifadhi upande wa kazi unaandika kitu kifupi kisichobadilika, "mwandishi: fulani", na orodha ya upande wa pili inajikusanya yenyewe. Wikidata, databesi ya wazi inayotumiwa na Wikipedia, iliyoanza Oktoba 2012, imejengwa hivyo: kwenye kazi kuna sifa ya mwandishi inayopewa namba P50, na kwa mtu kuna sifa ya kazi mashuhuri, P800, ambayo ni ya kuchagua chache tu zinazomtambulisha. Orodha kamili unaipata kwa kuuliza databesi "nipe kazi zote zenye mwandishi huyu", haukai kuiandika kwa mkono. Wanaojaribu kujaza kila kitu kwenye P800 wanajichosha bure.

Kama kamusi yako haina databesi, ni kurasa za kawaida tu, bado kanuni inafaa: ukurasa wa kazi ndo wenye ukweli wote, na ukurasa wa mwandishi una orodha fupi inayoufuata.

Kwa nini unasisitiza sana habari ikae mahali pamoja?

Kwa sababu nimeumia. Kwenye mradi mmoja niliokuwa nahariri tulikuwa na riwaya moja ambayo mwaka wake ulikuwa umeandikwa kwenye ukurasa wa riwaya, kwenye wasifu wa mwandishi, kwenye orodha ya riwaya za karne hiyo na kwenye ukurasa wa filamu iliyotokana nayo. Mtu mmoja akagundua mwaka umekosewa, akarekebisha kwenye wasifu, akaondoka zake. Baada ya miezi kadhaa mwingine akaona wasifu na ukurasa wa riwaya havifanani, akaamini ukurasa wa riwaya, akarudisha kosa kwenye wasifu. Nilikuja kukaa na historia ya mabadiliko jioni nzima nikifuata nani alibadilisha nini lini, na ule mwaka sahihi ulikuwa umeshafutwa kila mahali. Ingekuwa mwaka unakaa kwenye ukurasa wa riwaya tu na kwingine kunavutwa kutoka hapo, jambo lenyewe lisingetokea.

Mwandishi ana majina mawili au matatu, nitumie lipi?

Chagua moja liwe kidahizo, mengine yote yawe maelekezo. Lipi? Lile wasomaji wanalomjua nalo kazi zake zikiwa zimeenea, si lazima la cheti cha kuzaliwa. Mark Twain ndo kidahizo, Samuel Langhorne Clemens ni elekezo. George Eliot ndo kidahizo, Mary Ann Evans ni elekezo.

Lakini kwenye ukurasa wa kazi andika pia jina lililotumika wakati inatoka. Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha Weep Not, Child mwaka 1964 kwa jina la James Ngugi. Linki iende kwa Ngũgĩ wa Thiong'o, ila maelezo yaseme "ilichapishwa kwa jina la James Ngugi", kwa sababu kuna msomaji ameshika nakala ya zamani mkononi na anasoma jina hilo kwenye jalada, asipoliona kwako ataona kamusi inamchanganya. Na elekezo la "James Ngugi" liwepo.

Pia si kila lakabu ni lakabu tu. Fernando Pessoa wa Ureno alikuwa na waandishi aliowaumba kichwani, Alberto Caeiro, Ricardo Reis, Álvaro de Campos, kila mmoja na maisha yake na mtindo wake wa kuandika. Hao ukiwafanya maelekezo matupu kwenda kwa Pessoa umeua kitu. Wape kurasa zao, mashairi yaunganishwe nao, na wao waunganishwe na Pessoa kwa maneno yanayosema wazi uhusiano wao. Kinyume chake ni Ellery Queen, jina moja lakini nyuma yake kuna binamu wawili, Frederic Dannay na Manfred Lee, au Nicolas Bourbaki ambaye ni kundi zima la wanahisabati wa Ufaransa. Hapo jina ndo kidahizo na watu wanaunganishwa nalo kama wanachama.

Majina yakifanana je?

Ukurasa wa maana, yaani ukurasa mfupi unaosema "jina hili linaweza kumaanisha" halafu unawataja wote. Mfano wa wazi ni Alexandre Dumas. Baba (1802–1870) aliandika The Three Musketeers, mwana (1824–1895) aliandika La Dame aux camélias. Linki inayosema "Alexandre Dumas" peke yake ni mtego, maana itafanya kazi, haitaonekana nyekundu (rangi ya linki ya ukurasa ambao haujaandikwa), hakuna programu itakayolalamika, na itakuwa imemtuma msomaji kwa mtu siye.

Kuunganisha watu wawili kuwa mmoja ni kosa baya kuliko kumgawa mmoja kuwa wawili. Ukimgawa mmoja, kuna siku mtu ataona na atavileta pamoja kwa dakika tano. Ukiwachanganya wawili, kazi zao zinachanganyika, tarehe zinachanganyika, na kuwatenganisha inabidi upitie kila kazi moja moja ukiuliza hii ni ya nani. Kama huna uhakika, waache mbalimbali na uandike dokezo.

Tafsiri niiweke wapi? Ni kazi mpya au ni ileile?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote na wengi hulipita haraka. Wakutubi wana mpangilio wa mwaka 1998 kutoka shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, IFLA, wenye ngazi nne: kazi yenyewe kama wazo, halafu namna ilivyoelezwa (lugha fulani, maandishi fulani), halafu toleo lililochapishwa, halafu nakala unayoshika. Huhitaji kuzitumia zote nne kwenye kamusi elezo, mbili za juu zinatosha kwa kazi nyingi, lakini ukizielewa hutachanganyikiwa tena.

Kwa hiyo tafsiri kwa kawaida ni kazi ileile iliyoelezwa kwa lugha nyingine. Inaingia kwenye ukurasa wa kazi asili, sehemu ya tafsiri, na jina la mfasiri likiwa na linki. Nasema tena, jina la mfasiri likiwa na linki. Wafasiri wanapotea kwenye kamusi zetu kama moshi na inasikitisha, kwa sababu wasomaji wengi hawajawahi kusoma neno hata moja la mwandishi mwenyewe, wamesoma maneno ya mfasiri.

Tafsiri inapata ukurasa wake pale ambapo yenyewe ina historia. Julius Nyerere alimfasiri Shakespeare, Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Tafsiri hizo zina la kusema kuhusu Kiswahili chenyewe, kwa hiyo zistahili kurasa, na ukurasa wa Nyerere ambao umejaa siasa lazima uwe na mlango wa kuzifikia. Linki ziwe tatu: tafsiri kwenda kwa mfasiri, tafsiri kwenda kwa kazi asili, kazi asili kwenda kwa Shakespeare. Usiruke moja ukaunganisha tafsiri na Shakespeare kama "mwandishi" bila kueleza, maana ndo unakuta orodha ya Shakespeare ina Mabepari wa Venisi na The Merchant of Venice kama tamthilia mbili.

Na kuna mwandishi anayejifasiri. Ngũgĩ aliandika Caitaani Mũtharaba-inĩ kwa Gĩkũyũ, ikatoka 1980, kisha akaifasiri mwenyewe kwa Kiingereza kama Devil on the Cross, 1982. Kwa Kiswahili ipo Shetani Msalabani. Kidahizo kikae kwenye jina la asili au jina linalojulikana zaidi kwa wasomaji wako, ni uamuzi wa kamusi, ila majina mengine yote yawe maelekezo na ukurasa ueleze ipi ilitangulia. Nimeona mahali pengi Kiingereza kinachukuliwa kuwa ndo asili kisa kinajulikana zaidi, na hilo ni kosa la ukweli, si la mtindo.

Kitabu kina waandishi wengi, au kuna aliyesaidia bila kutajwa?

Waandishi wote waliotajwa kwenye jalada wapate linki, kwa mpangilio wa jalada. Kwa asiyetajwa, tumia neno linaloeleza alichofanya. Auguste Maquet alishirikiana na Dumas baba kwenye The Three Musketeers na The Count of Monte Cristo, jina lake halikuwekwa. Kumwandika "mwandishi" sawa na Dumas ni kuamua ugomvi ambao si wako, kumwacha kabisa ni kumnyima haki. "Mshirika" linatosha, na linki ipo.

Ndo maana nawaambia watu kila siku, linki isiyosema uhusiano ni nusu ya kazi. Mwandishi, mhariri, mfasiri, mchoraji, mkusanyaji, mshirika, anayedhaniwa kuwa mwandishi: haya ni maneno machache, yaandikeni mapema kwenye mwongozo wenu na kila mtu atumie hayohayo.

Mwandishi hajulikani, niache wazi?

Usiache wazi. Nafasi tupu inaweza kumaanisha "hajulikani" au "bado sijajaza", na mtu wa kesho hatajua ipi ni ipi. Andika "hajulikani".

Halafu angalia kama kuna sehemu za kazi zenye mwenyewe. Alfu Lela Ulela haina mwandishi mmoja, lakini hadithi ya Aladini iliingia kupitia Antoine Galland, aliyekifasiri kitabu hicho kwa Kifaransa, na hadithi hii yeye alisimuliwa na Msyria aitwaye Hanna Diyab huko Paris mwaka 1709. Kwa hiyo ukurasa wa Aladini unaunganishwa na Hanna Diyab kama msimulizi, na Galland kama aliyeiandika na kuichapisha, wakati ukurasa wa kitabu kizima unabaki "hajulikani". Ukibandika jibu moja kwa vyote umekosea pande zote.

Kazi isiyo na mwandishi wala jina thabiti itambulishe kwa maneno yake ya kwanza. Callimachus kule Aleksandria, karne ya 3 KK, aliyetengeneza orodha ya waandishi na kazi zao kwenye hati za kukunja 120, alikuwa anaandika maneno ya mwanzo ya kila kazi na idadi ya mistari yake. Bado ni njia nzuri hasa kwa mashairi na tenzi.

"Tazama" na "tazama pia" zina tofauti gani?

"Tazama" inasema hapa hakuna kitu, nenda kule. "Tazama pia" inasema hapa kuna kitu, na kule kuna kingine kinachohusiana. Usizichanganye. Na "tazama pia" isiwe jalala la linki, kama jina limeshatajwa na kuunganishwa ndani ya maandishi halina haja ya kurudi huko chini.

Herufi zinanisumbua, kazi nyingi zinaanza na neno moja

Tenzi zote zikipangwa kwa "Utenzi wa" au "Utendi wa" herufi U itafurika na msomaji atakoma. Kidahizo kibaki na jina kamili, ila upangaji ufuate neno la pekee, na neno hilo liwe na elekezo. Tambuka ielekeze kwenye Utendi wa Tambuka, na kwa kuwa utendi huo unaitwa pia Chuo cha Herekali, jina hilo nalo lielekeze hukohuko. Kwa watu, usilazimishe kila jina ligeuzwe jina la mwisho likatangulia. Wahungaria na Wachina wanatanguliza la ukoo tayari, Waaislandi wanapangwa kwa jina la kwanza kwa sababu la pili kwa kawaida ni la baba na si la ukoo.

Nitumie ISBN kutambulisha kazi?

Hapana. ISBN, ile namba ya kimataifa ya kitabu, ni ya toleo, si ya kazi. Kitabu kilekile chenye jalada gumu na chenye jalada laini vina namba tofauti. Kwa mtu kuna namba za utambulisho za ISNI na VIAF, na kwa watafiti ORCID, hizo zinasaidia sana kutenganisha wanaofanana majina, zijaze pale zilipo.

Linki nyekundu niziondoe?

Ziache kama ukurasa kweli utakuja kuandikwa, zinaonyesha kazi iliyobaki. Ila kabla ya kuiacha hakikisha umeiandika kwa jina ambalo ukurasa utapewa, maana watu watatu wakiandika jina la kazi kwa namna tatu, ukurasa ukija kuundwa linki moja tu itakuwa ya buluu.

Kwenye kamusi ya karatasi mambo ni yaleyale?

Karibu yote. Tofauti kubwa, usirejelee namba ya ukurasa, rejelea kidahizo, kwa sababu kurasa zinasogea mpaka dakika ya mwisho kabla ya kuchapa. Na faharasa ni lazima hata kama marejeo ni mengi. Britannica walitoa chapa ya 15 mwaka 1974 bila faharasa ya kawaida, walidhani mpangilio wao mpya unatosha, ikabidi wairudishe mwaka 1985.

Nakaguaje kama marejeo yako sawa?

Tafuta vitu vinne: rejea inayoelekeza patupu, rejea inayozunguka (A inasema tazama B, B inasema tazama A, nimeiona kwa macho yangu), elekezo linaloelekeza kwenye elekezo lingine, na kazi ambayo haitajwi kwenye ukurasa wa mwandishi wake. Tatu za kwanza kompyuta inaziona. Ya nne toa orodha ya kurasa zote za kazi na safu ya mwandishi, uiweke kwenye lahajedwali, kisha linganisha na orodha zilizo kwenye kurasa za waandishi. Linki iliyokwenda kwa mtu siye kompyuta haitaiona, hiyo inahitaji mtu asome.

Nina kurasa mamia hazijaunganishwa, nianzie wapi?

Usianze na A. Anza na mwandishi mwenye vurugu kuliko wote ulionao, mwenye lakabu, wafasiri, vitabu vilivyotoka baada ya kifo chake, maana huyo atakulazimisha uamue kila kanuni. Mmalize kabisa, yeye na kazi zake zote, andika kila uamuzi uliofanya kwenye ukurasa mmoja wa mwongozo, halafu mpe mtu mwingine mwandishi wa pili afuate mwongozo huo bila kukuuliza chochote. Pale atakapokwama, hapo ndo mwongozo una pengo, lizibe kisha mwendelee na wa tatu.